Somo la 14: Bustani ya Mimea

Je, umewahi kuona mti wenye kibao chenye jina lake? Huenda hujawahi. Miti ya kijijini haihitaji vibao, kwa sababu kila mtu anaijua. Mtoto wa Heru Juu, katika Wilaya ya Kasulu, huujua mgomba, mbuni, mparachichi na mkalitusi hata kabla hajaanza shule. Hajui majina tu, bali anajua pia ni mti upi unaofaa kwa kuni, upi kwa mpini wa jembe, na upi unaozaa matunda. Lakini iko miti ambayo hata mzee wa kijiji angesimama mbele yake akatikisa kichwa. Miti ya namna hiyo, iliyotoka nchi za karibu na za mbali, hukusanywa na kupandwa mahali pamoja. Mahali hapo huitwa bustani ya mimea.

Katika somo hili tutaitembelea bustani moja iliyo mbali sana na Heru Juu. Ni bustani ya Amani, katika Milima ya Usambara Mashariki, Mkoa wa Tanga. Utashangaa kuona kwamba bustani hiyo ina uhusiano na ugali wa muhogo unaoula nyumbani kwenu.

Bustani ya mimea ni nini?

Shamba hulimwa ili lituletee chakula au fedha. Bustani ya maua hupandwa ili ipendeze macho. Msitu huota wenyewe. Bustani ya mimea inafanana kidogo na vyote hivyo, lakini ina jambo moja ambalo vingine havina: kila mmea uliopandwa humo umeandikwa. Yupo mtu anayejua mmea huo ni wa aina gani, mbegu yake ilitoka wapi na ilipandwa mwaka gani. Mmea ukifa, hilo nalo huandikwa. Ukiiondoa daftari, bustani ya mimea inakuwa kichaka chenye miti mizuri.

Watu huenda katika bustani za mimea kwa sababu mbili. Wengi huenda kupumzika. Hutembea kivulini, husikiliza ndege, huketi na kula chakula walichobeba. Wengine huenda kujifunza. Aghalabu mtu huenda kwa sababu ya kwanza akarudi na ya pili, kwa maana ni vigumu kuketi chini ya mti wa ajabu usiulize jina lake.

Katika Afrika Mashariki zipo bustani kadhaa za namna hii. Ile ya Dar es Salaam ilianzishwa mwaka 1893, nayo ipo karibu na Makumbusho ya Taifa. Siku hizi ni ndogo, imezungukwa na majengo na kelele za magari, lakini kivuli chake ni kizuri. Bustani ya Entebbe, nchini Uganda, ilianzishwa mwaka 1898 kando ya Ziwa Victoria. Ya Amani ilianzishwa mwaka 1902.

Safari ya kutoka Heru Juu

Tuseme kwamba darasa lako limepata nafasi ya kusafiri. Mnaondoka Heru Juu alfajiri, baridi ikiwa bado kali na ukungu umelala mabondeni. Mnapita Kasulu mjini, kisha mnaifuata barabara ya Kigoma. Tazama nje ya gari. Nyumbani uliacha migomba, kahawa na maharagwe. Kadiri mnavyoteremka kuelekea Ziwa Tanganyika, joto linaongezeka, na michikichi inakuwa mingi. Ziwa hilo lipo kama meta 770 tu juu ya usawa wa bahari, na nyanda za Kasulu na Kibondo zimeinuka juu zaidi. Mchikichi hupenda joto, nao hauzai vizuri penye baridi. Hapo umekwisha kujifunza jambo la kwanza, hata kabla ya kufika bustanini: mimea huchagua mahali pa kuishi.

Reli ya Kati ilifika Kigoma mwaka 1914. Ukisafiri kwa reli hiyo kuelekea mashariki, utapita Uvinza, kisha utaingia katika misitu ya miombo inayoendelea kwa saa nyingi. Ukipita huko mwishoni mwa kiangazi utaona jambo la kupendeza. Mvua haijanyesha bado, nchi ni kavu, lakini miombo imekwisha kutoa majani mapya, na majani hayo ni mekundu kama kutu. Baadaye hugeuka kijani. Kisha utapita Tabora, Dodoma na Morogoro. Kutoka huko utakwenda Muheza, na kutoka Muheza utapanda mlima kwa barabara yenye kona nyingi mpaka Amani. Kwa jumla utakuwa umesafiri zaidi ya kilomita 1,000, na bado upo Tanzania.

Ndani ya bustani

Jambo la kwanza utakaloliona Amani ni urefu wa miti. Vichwa vyake vimeshikana juu, na jua linafika chini kwa vipande vipande. Hewa ni ya ubaridi na unyevu. Juu ya matawi utawaona mbega wakiruka, na huenda ukamwona kinyonga akitembea polepole kana kwamba anaiogopa njia.

Bustani hii inaanzia chini, karibu na Mto Sigi, ambako kuna joto, na kupanda mpaka juu penye baridi. Waliochagua mahali hapa walikuwa na sababu. Mmea wa nchi ya joto uliweza kupandwa chini, na mmea wa nchi ya baridi ukapandwa juu. Kwa hiyo katika mlima mmoja waliweza kuijaribu mimea ya nchi nyingi.

Waliochagua ni Wajerumani, ambao wakati huo waliitawala nchi yetu. Tusisahau nia yao. Hawakuwa wakitafuta namna ya kumlisha mwananchi, bali walitafuta mazao ya kupeleka Ulaya. Walipanda mipira, mikafuri, midalasini, chai, kahawa na mikwinini. Magome ya mkwinini, mti wa Amerika ya Kusini, hutoa dawa ya malaria iitwayo kwinini. Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza mwaka 1914, meli nyingi za Wajerumani hazikuweza kufika tena. Ndipo bustani ikageuzwa kuwa karakana: kwinini, sabuni na vitu vingine vingi vilitengenezwa hapo hapo Amani kutokana na mimea. Kazi ya kufyeka, kubeba na kupanda ilifanywa na Waafrika, ingawa majina yao hatuyasomi sana katika vitabu.

Ukichungulia penye miamba yenye unyevu, katika misitu ya Usambara, unaweza kuuona mmea mdogo wenye majani yenye manyoya na maua ya rangi ya zambarau. Mwaka 1892 afisa mmoja wa Kijerumani, Walter von Saint Paul-Illaire, aliuona mmea huu katika sehemu za Tanga akaupeleka kwao. Leo unapandwa katika vyungu na kuwekwa madirishani katika nchi nyingi za dunia. Watu wengi wenye kuumwagilia maji kila asubuhi hawajui kwamba kwao ni Tanzania.

Jinsi muhogo ulivyosaidiwa

Sasa tufike kwenye ugali. Muhogo si mmea wa asili wa Afrika. Ulitoka Amerika ya Kusini, nao uliletwa na Wareno miaka zaidi ya 400 iliyopita. Ulipofika Afrika ulikutana na ugonjwa ambao haukuwako kwao. Ugonjwa huo ni batobato. Bila shaka umewahi kuuona: majani yana mabaka ya njano na kijani, yamejikunja na kuwa madogo, na shina halikui vizuri. Mmea wenye majani mabovu hauwezi kujitengenezea chakula cha kutosha, na kwa hiyo mizizi yake inakuwa myembamba. Wataalamu waliuandika ugonjwa huu kwa mara ya kwanza mwaka 1894, na waliuona katika nchi yetu hii.

Katika miaka ya 1930, wakati wa utawala wa Waingereza, wataalamu wa Amani waliuchunguza ugonjwa huo. Mmoja wao aliitwa H. H. Storey. Waligundua kwamba batobato huenezwa kwa njia mbili. Njia ya kwanza ni mdudu mdogo sana, nzi mweupe, anayekaa upande wa chini wa jani na kufyonza maji yake. Njia ya pili ni mkulima mwenyewe, anapokata pingili kutoka katika shina gonjwa na kuzipanda upya. Mwaka 1936 Storey aliandika pia juu ya ugonjwa wa pili, uitwao michirizi ya kahawia. Huu ni mbaya kwa namna nyingine. Majani yanaweza kuonekana mazuri, mkulima akafurahi, lakini siku ya kuvuna anakata mzizi na kukuta ndani yake mna uozo mkavu wa rangi ya kahawia. Chakula cha mwaka mzima kimeharibika ardhini bila mtu kujua.

Dawa ya kuponya mmea wenye batobato haikuwako, na hata leo haipo. Storey na mwenzake R. F. W. Nichols wakaliwaza jambo hili kwa njia nyingine: je, katika ukoo wa muhogo hakuna ndugu mwenye nguvu zaidi?

Ndugu huyo alikuwako. Wakati wa Wajerumani mti mmoja wa Brazili ulikuwa umeletwa na kupandwa kwa ajili ya utomvu wake, ambao hutoa mpira. Mti huo ni wa jamii moja na muhogo. Huenda unaujua, kwa maana katika sehemu nyingi za Tanzania majani yake hupikwa kama mboga, na mboga hiyo huitwa kisamvu cha mpira. Mti wenyewe haukushambuliwa sana na batobato. Lakini hauzai mizizi ya kula kama muhogo.

Wataalamu walichukua chavua ya mti huo na kuipaka katika maua ya muhogo. Hapa tukumbuke somo la maua. Muhogo una maua ya kiume na ya kike katika tawi moja la maua, na yale ya kike hufunguka kwanza. Kwa hiyo mtaalamu huweza kulifunika ua la kike kwa kimfuko kabla nyuki hajafika, kisha akaliwekea chavua anayoitaka mwenyewe. Mbegu zinazopatikana huwa na sifa za wazazi wote wawili.

Miche ya kwanza ilistahimili ugonjwa, lakini mizizi yake haikufaa. Ilifanana mno na mti wa mpira. Basi wakaichanganya tena na muhogo, kisha tena na tena. Kila mara walichagua miche michache iliyostahimili ugonjwa na kuitupa mingine yote. Kazi hii iliendelea mpaka miaka ya 1950, na wakati huo mtaalamu mwingine, D. L. Jennings, ndiye aliyeishika. Jambo hili linafaa kutiliwa mkazo, kwa kuwa watu hudhani sayansi ni kugundua kitu kwa siku moja. Hawa walingoja mimea ikue, wakahesabu, wakaandika, wakapanda upya.

Matunda ya kazi hiyo yalifika mbali. Aina iitwayo Namikonga, iliyopandwa na wakulima wa kusini mwa Tanzania, ni ya ukoo wa mihogo ya Amani. Mbegu nyingine zilipelekwa Nigeria katika miaka ya 1950. Huko, kuanzia miaka ya 1970, zilitumiwa kupata aina mpya zilizosambazwa katika nchi nyingi za Afrika. Mwishoni mwa miaka ya 1980 batobato kali sana ilizuka nchini Uganda. Mashamba yaliharibika na watu wakaona njaa. Ugonjwa ukateremka, ukaingia Kagera mwishoni mwa miaka ya 1990, na baadaye ukafika Kigoma. Mihogo iliyosaidia kurudisha chakula mashambani ilikuwa na damu, kama tukiweza kusema hivyo, ya ule mti wa mpira wa Amani. Kama mti huo ungalikatwa kuni kwa kuwa haukuwa na faida wakati ule, wataalamu wangalikwama.

Mgeni asiyetaka kuondoka

Hata hivyo, bustani ya mimea inaweza pia kuleta madhara. Mti wa msizi asili yake ni misitu ya magharibi, ikiwa pamoja na sehemu za Uganda na Kagera. Hukua upesi. Ulipandwa Amani zamani za Wajerumani, na ukapandwa tena kwa wingi baadaye. Matunda yake yakapendwa na hondohondo, ndege wakubwa wenye midomo mikubwa. Hondohondo hula matunda, huruka mbali, kisha huangusha mbegu msituni. Leo misizi imeenea ndani ya msitu wa asili wa Usambara na kuchukua nafasi ya miti ambayo baadhi yake haipatikani mahali pengine popote duniani. Tangu mwaka 1997 msitu huo ni Hifadhi ya Mazingira Asilia Amani, lakini ndege hasomi tangazo la mpaka.

Kwa sababu hiyo usichukue mbegu kutoka nchi nyingine au wilaya ya mbali ukazipanda bila kumwuliza bwana shamba au bibi shamba.

Jina la mmea

Vibao vya bustanini huwa na jina la kisayansi, lenye maneno mawili. Muhogo huitwa *Manihot esculenta*, na ule mti wa mpira huitwa *Manihot glaziovii*. Neno la kwanza ni kama jina la ukoo, na linatuonyesha mara moja kwamba hao ni ndugu. Mtaalamu wa Sweden, Carl Linnaeus, aliutumia utaratibu huu kwa mimea yote aliyoijua katika kitabu alichokitoa mwaka 1753. Faida yake ni rahisi kuiona. Muha ana jina lake la mmea, Mhaya ana lake, Mmakonde ana lake, lakini wakiandikiana *Manihot esculenta*, wote wanajua kwamba wanazungumza juu ya kitu kimoja.

Kazi ya kufanya: Bustani ya mimea ya shule

Si lazima usafiri mpaka Amani. Chagueni kipande cha ardhi karibu na shule, chenye urefu wa hatua 20 na upana wa hatua 10. Pandeni humo mimea ya Heru Juu na vijiji vya jirani, mmoja mmoja. Kwa kila mmea tengenezeni kibao na kuandika jina lake kwa Kiha, kwa Kiswahili na kwa sayansi, nchi ya asili yake, na tarehe mliyoupanda. Kwa majina ya Kiha waulizeni babu na bibi zenu, mkiwaamkia vizuri kwanza na kungoja mpaka wamemaliza kazi zao. Ikiwa wazee wawili wanatofautiana juu ya jina, andikeni majina yote mawili.

Asili ya mimea itawashangaza. Mahindi yalitoka Mexico. Maharagwe nayo ni ya Amerika. Mgomba ulitoka Asia, na kahawa aina ya arabika ilitoka Ethiopia. Mtama na ulezi ndio wenyeji wa Afrika.

Mahali pa muhogo chagueni shina lisilo na mabaka katika majani wala michirizi ya kahawia katika gome. Kabla ya kukata, chimbeni mzizi mmoja wa shina hilo na kuukata vipande ili kuona kama ndani ni mweupe. Kateni pingili za urefu wa sentimeta 25 hivi. Zipandeni kwa nafasi ya meta moja kila upande. Kila wiki tazameni upande wa chini wa majani. Shina likionyesha batobato, ling'oeni na kulichoma moto, hata kama linasikitisha kulipoteza.

Angalia: usionje jani, mzizi wala tunda la mmea usioujua. Muhogo mchungu wenyewe una sumu, na ndiyo maana mama zetu huuloweka na kuukausha kabla ya kusaga unga.

Jaribio: Kwa nini kivuli cha mti ni baridi?

Wakati wa adhuhuri weka kipimajoto chini ya mti wenye majani mengi kwa dakika 10, kisha andika joto. Halafu kiweke chini ya bati au turubai lililotandazwa juu ya miti, kwa muda huo huo. Sehemu zote mbili zina kivuli. Je, joto ni sawa?

Sasa chukua chupa ya plastiki inayoonyesha ndani, iliyo kavu. Ingiza ndani yake kitawi chenye majani mabichi bila kukikata kutoka mtini. Ziba mdomo wa chupa kwa udongo wa mfinyanzi. Iache juani kwa saa mbili. Utaona matone ya maji ndani ya chupa. Maji hayo yametoka katika majani. Maji yanapogeuka mvuke huchukua joto, kama unavyosikia baridi unapotoka mtoni ukiwa umelowa. Sasa eleza matokeo ya vipimajoto vyako.

Maswali

1. Bustani ya mimea inatofautianaje na shamba? Na msitu?

2. Kwa nini michikichi ni mingi kando ya Ziwa Tanganyika kuliko katika nyanda za juu za Kasulu?

3. Nenda katika shamba la muhogo pamoja na mwenyeji wake. Tazama mashina 20 yaliyo katika mstari mmoja. Mangapi yana batobato? Andika jibu lako kwa asilimia, kisha lilinganishe na la mwenzako aliyetazama shamba jingine.

4. Kwa nini wataalamu wa Amani hawakuridhika na miche ya kwanza waliyoipata?

5. Hondohondo anakula tunda la msizi. Eleza hatua kwa hatua jinsi msizi mpya unavyoota katikati ya msitu ambao hakuna mtu aliyeupanda.

6. Jirani amevuna shamba lake, naye kwa wema anamletea mama yako mzigo wa pingili za muhogo bila malipo. Wewe unaona kwamba baadhi ya mashina yalikuwa na majani yenye mabaka ya njano. Mvua zimekwisha kuanza na nyumbani hakuna pingili nyingine. Utamshauri mama jambo gani, na utamwelezaje jirani bila kumvunjia heshima?